Kanda za Radio Tanzania Zisiachwe Zikafutika

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951 ilikuwa redio ya mji. Mtambo wake ulikuwa na nguvu ndogo, na aliyeishi mbali na mji huo hakuisikia. Mkulima wa Unyaturu hakuwamo katika hesabu hiyo.

Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika. Mwaka 1965, miaka minne baada ya Uhuru, redio ikawekwa moja kwa moja chini ya Serikali na kuitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Mitambo ya masafa ya kati na ya masafa mafupi ikaimarishwa. Hapo ndipo mwananchi wa Sepuka, magharibi ya mji wa Singida, kilomita zipatazo 700 kutoka studio za Barabara ya Pugu, ambayo leo ni Barabara ya Nyerere, alipoanza kuisikia ngoma ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku kwa wakati mmoja na karani wa Ilala.

Mawimbi ya masafa ya kati huambaa na ardhi mchana. Usiku hurudishwa chini na tabaka za juu za anga, yakafika mbali zaidi. Ndiyo maana giza lilipoingia redio ilisikika vizuri kuliko mchana, hata kama betri zake zilikuwa zimeanikwa juani kutwa ili zipate nguvu ya siku moja zaidi. Masafa ya FM hayana uwezo huo. Ni safi kwa sauti, lakini hufika kadiri mnara unavyoonekana, basi.

Wengi wanapoikumbuka redio ile huanza na mambo ya kufurahisha: Mama na Mwana cha Deborah Mwenda, vituko vya Pwagu na Pwaguzi, mpira uliotangazwa na Ahmed Jongo. Kumbukumbu hizo ni halali. Lakini yalikuwapo pia matangazo ya vifo, ambayo kwa familia isiyo na simu ndiyo yaliyoleta habari za ndugu aliyefia mjini. Na yote yalisemwa kwa Kiswahili, si kwa lugha za makabila, hivi kwamba Mnyaturu na Mmakonde walisikia neno lilelile siku ileile.

Kazi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ilikuwa ya elimu. Baada ya mwaka 1970 kutangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, redio ilifanywa darasa. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikutana katika vikundi vipatavyo 75,000 nchi nzima. Kikundi kilisikiliza kipindi, kiongozi akasoma kijitabu, wanakikundi wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu, kisha wakaamua la kufanya. Vyoo vikachimbwa. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Redio haikumwacha msikilizaji amekaa; ilimpa jembe.

Ni kweli kwamba ilikuwa sauti moja tu, na ya Serikali. Msikilizaji aliyetaka kupima habari alingoja Idhaa za Kiswahili za BBC na Deutsche Welle. Tangu sheria ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa vituo vya watu binafsi, uchaguzi umekuwa mpana, na hakuna sababu ya kuulilia ukiritimba. Lakini hapana budi kuuliza vipindi vingi vya leo vinamsemesha nani. Sehemu kubwa vimeandaliwa kwa mtu aliyekwama ndani ya gari njia ya Mbagala. Mlima alizeti anavisikia kama mpita njia anayesikia mazungumzo ya nyumba ya watu.

Kwa sababu hiyo kanda za Radio Tanzania, zilizorithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania, si mali ya wapenzi wa muziki wa dansi peke yao. Wao wamezipigania kanda za bendi, na wanastahili shukrani. Vipindi vya mazungumzo havina mashabiki wa namna hiyo. Wakati huohuo gundi ya kanda huharibika kwa joto na unyevu, na Dar es Salaam ina vyote viwili. Mashine za kuzichezea nazo karibu hazitengenezwi tena.

Kila kanda ambayo bado haijahamishiwa kwenye kompyuta ihamishwe sasa, ya Mtu ni Afya kabla ya ya dansi, na nakala zipelekwe vyuo vya ualimu, Kinampanda kikiwamo, ili walimu wazitumie darasani. Watangazaji na mafundi wa zamani waitwe wazisikilize na kutaja ni sauti ya nani, ilirekodiwa wapi na mwaka gani. Walio hai wanazidi kupungua.