Kisima cha Aniwa

Aniwa ni kisiwa kidogo cha matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, miongoni mwa visiwa ambavyo tangu mwaka 1980 ni nchi ya Vanuatu. Hakina mto wala chemchemi. Mwaka 1866 walihamia huko wamisionari wawili, Bwana John Paton wa Scotland na mkewe Margaret. Bwana Paton alikuwa amekwisha kuonja uchungu wa kazi hiyo. Mwaka 1859, katika kisiwa jirani cha Tanna, alimzika mkewe wa kwanza pamoja na mtoto wao mchanga.

Alipoanza kuchimba kisima, wazee wa Aniwa walidhani amerukwa na akili, kwa kuwa mvua hutoka juu, haitoki ardhini. Maji matamu yalipopatikana, mzee Namakei aliomba kusimama mwenyewe kanisani aeleze ajabu hiyo. Watu wakamsikiliza, wakaanza kuleta sanamu zao. Bibi Paton akafundisha wanawake kushona na kuimba. Wenyeji nao wakatengeneza unga wa uwanga, ukauzwa ili kulipia vitabu vilivyochapwa kwa lugha yao.

Mwaka 1896 mwana wao Frank alikwenda kufanya kazi Tanna, pale pale ambapo baba yake alikimbia mwaka 1862 kuokoa maisha yake. Bibi Paton alifariki mwaka 1905, na mumewe mwaka 1907.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Habari ya Aniwa yaonyesha ya kuwa mgeni naye hafaulu pasipo mwenyeji.