Tusimsherehekee Somo Bila Kulielewa Somo

Kiswahili kina neno moja ambalo kila mwalimu wa shule ya Kikatoliki angefaa kulitafakari, nalo ni somo. Somo ni kile kinachofundishwa darasani. Somo pia ni sehemu ya Maandiko inayosomwa wakati wa Misa. Na somo, katika ngeli ya viumbe hai, ni mtu ambaye jina lake ni sawa na lako. Ndiyo maana Wakatoliki humwita mtakatifu ambaye jina lake limepewa shule au parokia yao kuwa ni somo wao. Kwa maoni yangu, shule zetu nyingi humsherehekea somo wao kwa shangwe kubwa na kulisahau somo lenyewe.

Nichukue mfano wa Mtakatifu Karoli Lwanga na wenzake, Mashahidi wa Uganda, ambao sikukuu yao huadhimishwa tarehe 3 Juni, siku mbili tu baada ya Madaraka. Hapa Kenya, shule zilizopewa jina la Lwanga au la Kizito si haba. Maandalizi yake tunayajua sote. Kwaya hufanya mazoezi kila jioni, wasichana wa kucheza mbele ya altare hupimwa sare, nyasi hufyekwa, na orodha ya wageni wa heshima hupitiwa mara tatu. Msomaji, kwa upande wake, hukabidhiwa kitabu asubuhi ya siku yenyewe na kuonywa asiaibishe shule.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye Misa ya namna hiyo. Msichana wa kidato cha tatu alisoma kwa sauti safi, akizingatia vituo vyote, nami kama mtu wa isimu nilifurahishwa na matamshi yake. Baada ya Misa nilimpongeza, kisha nikamwuliza wale ndugu saba aliosoma habari zao waliuawa kwa kosa gani. Alitazama chini, akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mimi niliambiwa nisikosee maneno tu." Sikumlaumu hata kidogo. Alifanya barabara kile alichofunzwa.

Somo hilo hutoka katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 7. Linasimulia habari za ndugu saba na mama yao waliokamatwa na mfalme na kuteswa ili wale nyama ya nguruwe, kinyume cha Sheria yao. Wakakataa, wakafa mmoja baada ya mwingine. Kanisa halikulichagua kwa bahati nasibu. Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana waliotumika katika jumba la Kabaka Mwanga, naye aliteketezwa kwa moto huko Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Kizito, mdogo wao, alikuwa na umri wa miaka ipatayo 14, yaani rika la mwanafunzi anayeingia sekondari. Vijana mbele ya mfalme kule, vijana mbele ya mfalme hapa. Mwanafunzi asiyeonyeshwa uhusiano huo husikia hadithi ya kale isiyomhusu ndewe wala sikio.

Kuna jambo jingine linalopaswa kutushtua sisi walimu. Wakristo wa kwanza wa Buganda waliitwa abasomi, yaani wasomaji, neno lenye mzizi ule ule wa kusoma tulio nao. Walijulikana kwa kusoma kwao kabla ya kujulikana kwa kifo chao. Je, si kinaya kwamba tunawakumbuka wasomaji kwa kusoma tusichokielewa?

Najua nitajibiwa kwamba muda hautoshi na kwamba mtihani wa taifa haumngojei mtu. Lakini hicho ninachokiomba hakizidi vipindi viwili. Msomaji ateuliwe wiki mbili kabla, tena si lazima awe kiranja. Mwalimu wa dini amweleze kisa, na mwalimu wa Kiswahili amsaidie kutambua ni wapi panahitaji kituo na kwa nini. Kisha asimulie kisa hicho kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa lugha ya mama akipenda. Wengine wataka kulitafuta somo lenyewe, na hapa pana mtego: vitabu vya Wamakabayo havimo katika Biblia nyingi ambazo wanafunzi wetu huja nazo kutoka nyumbani, kwa kuwa Waprotestanti hawavihesabu kuwa Maandiko. Shule haina budi kuwapatia nakala.

Hilo lanikumbusha wanafunzi wasio Wakatoliki, ambao katika baadhi ya shule hizi ni wengi. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mfadhili nafasi ya kuwalea wanafunzi kiroho, lakini inamtaka alinde imani za wengine. Mwanafunzi Mwislamu au wa madhehebu mengine asilazimishwe kukiri asichokiamini. Hata hivyo, historia ni ya wote. Katika mateso hayo hayo waliuawa Wakatoliki na Waanglikana pia, na Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale Wakatoliki 22 kuwa watakatifu mwaka 1964, aliwataja Waanglikana kwa heshima. Kijana Mwanglikana akiambiwa hayo, hataketi kanisani kama mgeni aliyepotea njia.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipofungua mlango mwaka 1963 ili lugha za watu zitumike zaidi katika ibada, shabaha ilikuwa waumini washiriki kwa kuelewa. Itakuwa kazi bure kuacha Kilatini tusichokijua, halafu tukasoma Kiswahili kana kwamba nacho ni Kilatini.

Walimu wenzangu, sisemi kwaya inyamaze wala ngoma ziachwe. Sikukuu bila furaha si sikukuu. Ninachoomba ni jaribio dogo kabla ya Misa ijayo ya somo wenu. Mwite msomaji, mfungie kitabu, umwombe akusimulie atakachosoma. Akishindwa, msimpeleke mbele ya wenzake kabla hamjaketi naye.