Biashara ya Nyumbani Isiile Nyumba

Katika miji na vijiji vya pwani yetu, tangu Bunju na Mapinga hata Zinga, Kaole na Bagamoyo yenyewe, ni nadra siku hizi kuikuta nyumba isiyouza kitu. Hapa pana meza ya vitumbua na maandazi, pale pana karai la samaki wa kukaanga, kwingine pana ubuyu, barafu au mikeka ya ukindu. Na huko Mlingotini mwani umetandazwa juani ukauke. Wengi wanaozishika biashara hizi ni akina mama, na mtaji wao ni mdogo mno.

Jambo hili lenyewe ni la kheri. Kipato cha baba mvuvi hutegemea upepo, na ziko siku za kusi ambazo chombo hakitoki. Wala biashara si aibu kwa mwanamke Mwislamu; Bibi Khadija, Mwenyezi Mungu amridhie, alikuwa mfanyabiashara mashuhuri wa Makka kabla na baada ya kuolewa na Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie. Kwa hiyo makala hii haikusudii kumrudisha mama jikoni akae kimya. Inakusudia kuuliza swali ambalo aghalabu halisemwi msikitini: je, biashara hii ya nyumbani inailisha nyumba, au inaila?

Nafaka ni ya nani?

Sheria ya dini yetu katika jambo hili iko wazi, na wanazuoni hawakuhitilafiana katika asili yake. Chakula, mavazi na makazi ya mke na watoto ni wajibu wa mume kwa kadiri ya uwezo wake. Mali anayoichuma mke ni yake. Akiitoa kwa ajili ya nyumba, huo ni wema wake na sadaka yake, si deni analodaiwa.

Lakini tazameni yanayotokea. Mama anaanza kuuza vitumbua ili apate ada ya madrasa na sare za shule. Mwezi wa kwanza baba anafurahi. Mwezi wa tatu anapunguza pesa ya matumizi kwa kuwa "mama fulani naye sasa anapata." Mwaka ukiisha, mama ndiye anayenunua unga, mafuta na sabuni, naye baba anauliza chakula kimechelewa kwa nini. Hivyo biashara ya mke imegeuka kuwa likizo ya mume. Mtaji uliokusudiwa kukua unaliwa kila jioni, kisha mama analaumiwa kwamba hajui biashara.

Moshi, mafuta na usingizi

Yafaa pia tuutazame mwili wa huyo mama. Muuza vitumbua huroweka mchele mchana, huusaga jioni, hutia tui na hamira usiku, na huamka saa tisa au saa kumi ya usiku kuwasha moto, ili wanafunzi wapitapo alfajiri wakute chakula cha moto. Mkulima wa mwani naye hufuata bamvua: hushuka pwani maji yakipwa, na saa ya kupwa hubadilika kila siku. Kazi za nyumba hazibadiliki pamoja na bahari. Anaporudi, miguu imelowa chumvi na chungu kinamngoja.

Kisha kuna moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020, kwa maradhi ya mapafu, moyo na kiharusi. Anayekaanga samaki kwa kuni ndani ya kibanda kisicho na dirisha, na mtoto mgongoni, anauvuta moshi huo yeye na mwanawe. Mwezi Mei 2024 Serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Hilo ni jema, lakini mapafu hayangoji mwaka 2034. Kuhamishia jiko mahali penye hewa, kutumia kuni kavu, na kumweka mtoto mbali na moto ni mambo yanayowezekana leo hii.

Na chakula je? Katika nyumba nyingi za wauzaji, mabaki ya biashara ndiyo chakula cha nyumbani. Samaki mnono anakwenda kwa mteja. Watoto wanabakiwa na vichwa. Asubuhi wanakula maandazi yaliyolala, jioni vitumbua visivyouzika, na mafuta ya karai yaliyokwisha kuwa meusi yanarudi kupikia mchuzi. Ndipo tunashangaa kwamba kisukari na shinikizo la damu vimeingia mitaani mwetu. Shirika hilo hilo linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Matembele, mchicha na kisamvu havina gharama kubwa. Kinachokosekana ni mtu wa kuvipika, kwa kuwa mpishi wa nyumba anawapikia watu wa nje.

Mali bila daftari

Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Tuchukue mfano. Mama anatumia shilingi 21,000 kwa mchele, sukari, nazi, mafuta na mkaa, na vitumbua vyake vyote vina thamani ya shilingi 27,000. Anadhani amepata 6,000. Lakini watoto wamekula vya 2,000, na majirani wamekopa vya 2,500. Mkononi ana 22,500. Faida ni 1,500 tu. Ikiwa alikopa mtaji kwa wale wanaodai marejesho ya shilingi 3,000 kila siku, basi leo amepoteza 1,500 katika mtaji wake, na kesho vivyo hivyo.

Mikopo hiyo watu wenyewe wameiita "kausha damu," na jina limesadifu. Ndani yake mna riba, ambayo dini imeikataza, na mna fedheha ya kunyang'anywa vyombo vya ndani. Iko mikopo isiyo na riba ya halmashauri, itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Haimfikii kila mtu, na inahitaji kikundi kilichosajiliwa; lakini ni wangapi kati yetu waliowahi hata kuuliza katika ofisi ya kata?

Yatupasayo

Kwanza, baba aendelee kutoa nafaka kana kwamba biashara haipo. Hapo ndipo mtaji utakapokua.

Pili, ziwepo saa za kufunga. Baada ya Isha mlango usigongwe kwa ajili ya barafu. Watoto wana haki ya kumwona mama yao akiwa ameketi.

Tatu, chakula cha nyumba kitengwe kabla ya kile cha kuuza, na mtoto asitumwe kutembeza sinia saa za masomo. Ada ya shule za msingi na sekondari za serikali hadi kidato cha nne imeondolewa tangu mwaka 2016. Itakuwa hasara kubwa tukiiuza nafasi hiyo kwa bei ya maandazi.

Nne, tuirudishie heshima arobaini ya mzazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi. Muuza vitumbua hana mwajiri wa kumpa hata siku moja. Mwenye kumpa ni mumewe, mama mkwe na majirani. Nao wakikaa kimya, ataonekana karaini siku ya kumi.

Tano, misikiti isiishie kuhimiza subira. Jamaa ya msikiti inaweza kuweka mfuko mdogo wa mkopo mwema usio na riba, na kumwalika mhudumu wa afya apime shinikizo la damu baada ya sala ya Ijumaa, wanaume na wanawake.

Huenda msomaji akasema kwamba maisha ni magumu na haya ni maneno ya mtu aliyeshiba. La. Aliyeshiba anaweza kumudu kuugua, maskini hawezi. Mama akilazwa, biashara na jiko vyote hufungwa siku moja. Kuilinda afya yake ndio ulinzi wa mtaji wenyewe.

Mwenyezi Mungu azibariki kazi za mikono ya akina mama zetu, na awape waume zao kuutambua wajibu wao. Amin.