Tetsuko Kuroyanagi: mtoto aliyefukuzwa shule, Japani nzima ikamsikiliza

Tangu tarehe 2 Februari 1976, Wajapani wamezoea kumuona Tetsuko Kuroyanagi akizungumza na wageni wake katika televisheni ya Asahi. Mwaka 2015 kipindi chake kilifikisha mara 10,000, naye yumo katika rekodi za Guinness. Nini kimemfanya apendwe muda wote huo? Jibu liko katika utoto wake.

Kuroyanagi alizaliwa Tokyo mwaka 1933. Akiwa darasa la kwanza alifukuzwa shule, kwa kuwa mwalimu alishindwa na utundu wake. Mama yake akampeleka Tomoe, shule ndogo ambako watoto walisomea ndani ya mabehewa ya treni. Siku ya kwanza, mkuu wa shule Sosaku Kobayashi alimwambia aeleze chochote anachotaka, akamsikiliza kwa muda wa saa nne. Shule hiyo iliteketezwa na mabomu mwaka 1945, lakini funzo lilibaki.

Mwaka 1953, televisheni ilipoanza Japani, Kuroyanagi aliingia NHK kama mwigizaji. Mwaka 1981 alitoa kitabu cha utoto wake, Totto-chan, ambacho kimechapishwa nakala zaidi ya milioni 25 duniani. Pesa alizopata zilisaidia kuunda shirika la waigizaji viziwi.

Kunako mwaka 1984, UNICEF ilimteua kuwa balozi wake mwema, wa kwanza kutoka Asia. Safari yake ya kwanza ilikuwa Tanzania. Huko alisikia kwamba kwa Kiswahili mtoto huitwa toto, karibu sawa na Totto, jina lake la utotoni. Baadaye alizuru inchi nyingi zenye vita na njaa, na mwaka 2004 alifika RDC.

Ni kweli, ziara ya mtu maarufu haizimi bunduki, wala haimrudishi darasani mtoto aliyekimbia kijiji chake. Misaada nayo huja ikaisha. Hata hivyo, Kuroyanagi aliwafanya Wajapani wengi wachangie watoto wasiowajua, kwa sababu walizoea kumuamini.

Kwetu pia, mtoto msumbufu hufukuzwa haraka, na anayekosa pesa za masomo hurudishwa nyumbani. Kobayashi hakuwa na majengo ya fahari, alikuwa na mabehewa chakavu na sikio la kusikiliza. Totto wetu wangapi wako barabarani leo, wakingoja mtu mzima mmoja awaulize wana neno gani?