Hiyo Ripoti ya Saa Kumi na Mbili Izimwe

Wasee, naanza kwa kukiri: hili kosa ni langu pia.

Nilipoacha chuo nilifanya kazi miezi minne kwa kampuni fulani ya mikopo ya simu. Bosi alitaka kila asubuhi ajue nani hajalipa. Nikaandika skripti: inaingia kwa databesi, inapiga SELECT *, inamwaga majibu yote kwa faili la CSV, inatuma kwa imeili. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, watu kumi na moja wanapokea. Nilisifiwa, maze!

Niliondoka Machi. Leo asubuhi faili limenifikia tena kwa imeili yangu ya kibinafsi. Majina, namba za simu, namba za kitambulisho, deni la kila mtu. Nimewaandikia mara tatu wanitoe. Kimya.

Usiniambie "si ni ripoti tu." Kwa databesi kila mtu ana paswadi yake, ukiondoka inafungwa. Faili likishatumwa, utafunga nini? Liko kwa simu ya mtu, liko kwa kompyuta ya saiba ambayo mtu alisahau kutoka kwa akaunti yake. Mama yako alikopa elfu mbili ya unga, sasa kijana asiyemjua ako na kitambulisho chake.

Na hata haisomwi! Ukifungua hiyo CSV kwa Excel, 0712 inakuwa 712, na namba ndefu ya 254 inageuka kitu kama 2.547E+11. Miezi minne, hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka utumie data unayohitaji tu. Ikivuja na kuhatarisha watu, kampuni ina saa 72 tangu ijue kumwambia Kamishna wa Data. Mimi naletewa kila baada ya saa 24.

Bosi alihitaji nini kwani? Idadi ya waliochelewa na jumla ya pesa. Hiyo ni COUNT na SUM, unaandika ndani ya imeili yenyewe, hakuna faili. Anayepigia wateja simu aingie kwa mfumo na paswadi yake.

Kama nawe uliwahi kuandika skripti kama yangu, ifungue leo uangalie orodha ya anwani. Skripti haijui nani alifutwa.

Kesho wakinitumia tena, nafuta bila kufungua, kama kawaida. Halafu naandika imeili ya nne. Hiyo haiendi kwao, inaenda kwa Kamishna.