Fizikia ya sumaku na umeme inazungumzika kwa Kiswahili

Kila mjadala wa lugha ya kufundishia unapozuka, hurudiwa kauli moja: kwamba Kiswahili kinafaa ushairi na siasa, lakini sayansi ikishafikia kina fulani, sharti kikae kando. Wanaoitoa kauli hiyo aghalabu ni watu wa heshima, wengine wao walimu wa sayansi. Sikusudii kuwajibu kwa hoja za uzalendo, maana hizo zimetolewa hata zikachosha. Nakusudia kuchukua mada moja ngumu ya fizikia ya leo, yaani maada mseto zinazounganisha sumaku na umeme, nione kama lugha itakwama na, ikikwama, itakwamia wapi.

Tuanze na mambo mawili ambayo mwanafunzi anayajua bila kujua kwamba anayajua. La kwanza ni kiwashio cha gesi cha kubonyeza. Ukikibonyeza kinalia ta! na cheche inaruka, ingawa hakina betri. Ndani yake mna kipande cha kauri ambacho kikigongwa au kubanwa hutoa umeme. Tabia hiyo ya baadhi ya maada iligunduliwa mwaka wa 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie. La pili ni mvumo wa transfoma iliyo juu ya nguzo ya stima. Chuma kilichomo ndani hubadilika urefu, kwa kiasi kidogo mno, kila nguvu ya sumaku inapopanda na kushuka. Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na katika kila mzunguko sumaku hufikia kilele mara mbili. Kwa hiyo chuma kile hutikisika mara 100 kwa sekunde, nasi twasikia mvumo. Mwingereza James Joule aliiona tabia hiyo ya chuma mwaka wa 1842.

Sasa chukua tabaka la kila kimoja uyagundishe pamoja. Sumaku ikisogezwa karibu, tabaka la chuma linarefuka. Tabaka la kauri, maadamu limeshikamana nalo, linavutwa. Nalo likivutwa linatoa umeme. Kauri haiifahamu sumaku, na chuma hakina uwezo wa kutoa umeme kwa njia hiyo. Wawili hawa hawasemi lugha moja. Wanaelewana kwa mkalimani, na mkalimani mwenyewe ni ule mvuto unaopita kwenye gundi.

Pierre Curie alikwisha kubashiri mwaka wa 1894 kwamba huenda zipo fuwele ambazo zenyewe, bila kuunganishwa na kitu, hujibu sumaku kwa umeme. Ilichukua hadi mwaka wa 1960 kwa D. N. Astrov wa Muungano wa Sovieti kuipima tabia hiyo katika oksidi ya kromiamu, na ilikuwa dhaifu kabisa. Nguvu ililetwa na mseto. Mwaka wa 1972 J. van Suchtelen, aliyekuwa katika maabara za Philips nchini Uholanzi, alieleza kwamba maada mbili zinaweza kuzaa tabia ambayo hakuna hata moja kati yake inayoimiliki.

Nimesema mseto, si mchanganyiko, na sikusema hivyo kwa kupamba. Aliyekula mseto wa mchele na pojo anajua kwamba kila punje inabaki inatambulika sahanini. Chai ya maziwa ni mchanganyiko. Huwezi kuyatoa maziwa humo. Katika maada tunazozizungumzia, chuma hubaki chuma na kauri hubaki kauri, na kila kimoja hufanya kazi yake. Neno la jikoni limeibeba dhana nzima.

Ugumu wa kweli uko kwingine. Wanaofundisha fizikia kwa Kiswahili wamelizoea neno sumakuumeme. Katika miundo kama hii, Kiswahili hutanguliza neno kuu: mbwamwitu ni mbwa wa mwituni, batamzinga, kwa jina lake, ni bata. Sumakuumeme basi ni sumaku ya umeme, ile ipatikanayo kwa kupitisha mkondo katika waya uliozungushwa. Tukiipachika maada yetu jina hilohilo, tutampoteza mwanafunzi, kwa sababu hapa hakuna waya uliozungushwa wala mkondo unaohitajika; kinachotakiwa ni umeme utokao kwenye sumaku kwa njia ya mvuto. Napendekeza umemesumaku. Kanuni ya lugha yetu yenyewe inamwambia msomaji kipi ni zao na kipi ni chanzo.

Wapo watakaosema heri tutohoe istilahi ya kigeni tuishi nayo. Sina ugomvi na utohozi wa majina ya vitu. Aloi inayotumiwa sana katika kazi hii huitwa Terfenol-D: ter ni terbiamu, fe ni alama ya chuma, nol ni herufi za kwanza za maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, na D ni disprosiamu. Hilo si jina, ni orodha ya viungo pamoja na anwani ya mpishi! Tulichukue lilivyo. Lakini jina la mchakato ni kitu kingine. Mwanafunzi anayekariri neno refu asilolielewa sehemu zake anaweza kupata alama zote katika mtihani na bado asiweze kukueleza kwa nini waya hauhitajiki.

Na mambo ya kueleza ni mengi. Nguvu ya sumaku inayotolewa na moyo wa binadamu ni ndogo kuliko ile ya dunia kwa takriban mara milioni moja. Vyombo vilivyozoeleka kuipima hupozwa kwa heli ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Gharama yake si ya hospitali ya kaunti. Vihisio vya umemesumaku hufanya kazi katika joto la kawaida la chumba, ndiyo maana watafiti wanajitahidi kuvinoa vifikie usikivu huo. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, walieleza jinsi walivyosisimua ubongo wa panya kwa kifaa chenye ukubwa wa punje ya mchele, kisicho na betri, kinachopewa nguvu na sumaku iliyo nje ya mwili. Hapa pia pana dosari isiyofaa kufichwa: kauri inayotumiwa zaidi katika vifaa vya aina hii ina risasi, ambayo ni sumu.

Mwalimu anayetaka kupima ninayoyasema asianze na istilahi. Aweke kiwashio mezani, awapeleke wanafunzi wakasikilize transfoma, kisha awaulize kwa Kiswahili: gundi ikiwa nene na laini kama mpira, umeme utaongezeka au utapungua, na kwa nini?