LENZI YA MJOMBA ILIVYONIUMBUA SINZA

Kama Jumamosi iliyopita ulikuwa kwenye send-off moja kule Sinza, ukamuona kameraman anatokwa jasho wakati feni zote zinazunguka, basi ndiye mimi. Na aliyekuwa anaagwa ni dada yangu wa tumbo moja, kwa hiyo hapakuwa na pa kukimbilia.

Kisa chenyewe hiki hapa. Kamera yangu ni Nikon ya mtumba, na lenzi yake ilidondoka siku nne kabla ya shughuli. Mfukoni kweupe. Nikakumbuka kabatini ipo lenzi ya marehemu mjomba, Canon FD ya milimita 50, aliyokuwa akipigia picha enzi za filamu. Nikazama Kariakoo, nikaambiwa zipo adapta: pete ya chuma, upande mmoja inapokea Canon, upande wa pili inaingia Nikon. Nikalipa. Nyumbani nikapiga chupa ya soda mezani, karibu kabisa. Safi, unahesabu matone! Nikajiona mtoto wa mjini.

Ukumbini sasa. Bibi katoka Songea, kaketishwa katikati ya ukoo mzima. Narudi nyuma, nazungusha lenzi mpaka mwisho: ukungu mtupu! Usiku mzima nikaambulia pete, keki na mkono wa bibi. Shangazi akaniuliza mbele ya wakwe, "Wewe mtoto, ukoo mzima umeona pete tu?"

Usiku ule ule nikampigia mshikaji wangu, naye ni mpiga picha, alikuwa na kazi Tabata. Akacheka kwanza, halafu akanipa darasa. Kila aina ya kamera ina kipimo chake, kuanzia pale lenzi inapokaa mpaka kwenye filamu au sensa. Nikon kama yangu ni milimita 46.5, maana ndani kuna kioo kinachoinuka ukibonyeza, lazima kipate nafasi. Canon FD ni 42. Kwa hiyo lenzi ya mjomba kwangu inasogea mbele milimita 4.5, na hapo hujaongeza unene wa adapta. Unaona ndogo? Kwa lenzi ya 50 inatosha kukunyima kila kitu kilicho zaidi ya sentimita 60 hivi. Zipo adapta zenye kijilenzi ndani kinachorekebisha, ila mara nyingi ukali wa picha unapungua. Fizikia niliyoikimbia fomu three imelipiza kisasi.

Yeye ana Sony, zile zisizo na kioo cha kuinuka. Kipimo chake 18 tu. Toa 18 kwenye 42, inabaki 24: adapta inajaza pengo hilo na lenzi inakaa mahali pake hasa. Fokasi utazungusha kwa mkono, lakini mbali unaona. Hata lenzi za Nikon anaweza kuzitumia kwa adapta yake. Za kwake mimi siwezi. Kuazimana huku ni kama chumvi ya jirani, inatoka tu hairudi.

Alfajiri tukawahi stendi ya Magufuli, Mbezi, bibi hajapanda basi. Dada yupo, mama yupo, shangazi kanuna. Jamaa alikuwa na lenzi yake, lakini nikamuomba afunge ya mjomba. Bibi akauliza, "Hicho kidude cha nani?"

"Cha mwanao, bibi."

Akanyamaza. Akatengeneza kanga yake, akashika mkono wa dada, akasema, "Haya, piga."

Zilitoka tatu kabla kondakta hajaanza kupiga kelele. Kila sura inaonekana, mpaka namba ya basi nyuma yao inasomeka.

Kwa hiyo msomaji, ukienda dukani usiulize "inaingia?" Kuingia itaingia. Uliza kipimo cha lenzi na cha kamera. Cha lenzi kikiwa kikubwa, nunua. Kikiwa kidogo, baki na hela yako. Na kabla hujalipa, toka nje upige kitu cha mbali, hata mnara wa simu. Usipige chupa ya soda kama mimi.

Shangazi bado hapokei simu zangu. Picha nimemtumia, ameiweka profaili, salamu hakuna.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.